Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Wahitimu Mashuhuri na Namna ya Kuwazungumzia

Ndugu wanachama,

Kama katiba yetu inavyoagiza, ninawasilisha kwenu taarifa ya mwaka ya chama chetu cha wahitimu wa LSE, yaani Chuo cha Uchumi na Sayansi ya Siasa cha London, tunaoishi Afrika Mashariki. Mambo ya fedha nitayagusa tu mwishoni, kwa kuwa Mweka Hazina ana taarifa yake. Sehemu kubwa ya maelezo yangu inahusu jambo lililotushughulisha mwaka mzima, nalo ni namna inavyotupasa kuwazungumzia wahitimu mashuhuri wa chuo chetu.

Hoja yenyewe ilianza kwa pendekezo jepesi. Mwanachama mmoja aliomba tuchapishe bango lenye picha za Jomo Kenyatta na Mwai Kibaki, na chini yake yaandikwe kwamba LSE ndiyo iliyowafanya viongozi. Kamati ilikubali bango, ikakataa maneno. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliokataa, na ni haki yenu kujua sababu.

Kenyatta hakuingia kwenye semina ya Bronisław Malinowski, mwalimu wa anthropolojia (elimu ya jamii na mila za watu) pale LSE, katikati ya miaka ya 1930, akiwa mikono mitupu. Alikwisha kuwa katibu mkuu wa Kikuyu Central Association, chama cha siasa cha Wakikuyu, alikwisha kuhariri gazeti la Muigwithania, na mwaka 1929 alikwisha kutumwa London kupeleka madai ya ardhi ya watu wake. Alichokipata chuoni ni namna ya kuipanga hoja hiyo kwa lugha ambayo wakubwa wa serikali ya kikoloni wasingeweza kuipuuza kirahisi: ukoo, shamba, jando, ndoa na ibada vikielezwa kama nyumba moja, ambayo ukiing'oa nguzo ya ardhi, paa lote linashuka. Kitabu chake, Facing Mount Kenya, kilichotoka mwaka 1938 kikiwa na utangulizi wa Malinowski mwenyewe, ni kazi ya anthropolojia na papo hapo ni shauri la ardhi. Tulikisoma pamoja, sura baada ya sura, na mjadala mkali kuliko yote ulihusu sehemu inayotetea tohara ya wasichana. Akina mama wa chama hawakukubali tuipite kimyakimya kwa kuwa mwandishi ni mtu mkubwa, na kwa maoni yangu walifanya vyema.

Habari za Kibaki ni za namna nyingine. Yeye alifika London akitokea Makerere na shahada ya daraja la kwanza, akasomea fedha za umma, kisha akarudi Makerere kufundisha hadi mwaka 1960 alipoacha kazi kwenda kukitumikia chama cha KANU. Alikuwa waziri wa fedha kwa zaidi ya miaka kumi kabla ya kuwa rais, na mwanzoni mwa mwaka 2003, siku chache tu baada ya kuapishwa, serikali yake ilifuta ada katika shule za msingi za umma. Wapo kati yetu wanaouona hapo mkono wa mwanafunzi wa fedha za umma. Mimi naona zaidi ahadi ya kampeni iliyotimizwa, na hatukukubaliana.

Kutokubaliana huko, kwa kweli, ndiko kunakonikumbusha chuo kuliko picha yoyote. LSE ilianzishwa mwaka 1895 na akina Sidney na Beatrice Webb, pamoja na Graham Wallas na George Bernard Shaw, kwa fedha za wosia walioachiwa wajamaa wa chama cha Fabian cha Uingereza. Hata hivyo, kuanzia mwaka 1931 ilimpa ukumbi mchumi Friedrich Hayek, adui mkubwa wa serikali kupanga uchumi, huku mwalimu wa siasa Harold Laski akihubiri ujamaa kwenye vyumba vya jirani. Mwanafunzi wa Laski, K. R. Narayanan, alikuja kuwa rais wa India. Mhindi mwenzake, B. R. Ambedkar, alikuwa amemtangulia chuoni hapo na kutunukiwa udaktari wa sayansi mwaka 1923 kwa tasnifu kuhusu rupia, kabla ya kuongoza uandishi wa katiba ya nchi yake.

Ninayemwona amesahauliwa mno na wanachama wetu ni mchumi Arthur Lewis wa Saint Lucia, kisiwa cha Karibi. Alitamani uhandisi, lakini alijua kwamba makoloni hayakuwa yakiwaajiri wahandisi weusi, basi akasomea biashara LSE, na mwaka 1938 akawa mhadhiri wa kwanza mweusi chuoni hapo. Tuzo ya Nobel ya uchumi aliipata mwaka 1979. Vilevile nawataja wanaanthropolojia wawili: Lucy Mair, aliyeandika juu ya Buganda, na Audrey Richards, aliyeongoza taasisi ya utafiti wa jamii huko Makerere katika miaka ya 1950. Tukizungumzia mafungamano ya chuo na kanda yetu, huwa tunawaruka hawa wawili bila sababu ya maana.

Kuhusu fedha, michango imetosha kulipia ukumbi na vitabu, ingawa wengi walilipa wakiwa wamechelewa, nami nilikuwa mmoja wao.

Kwa mwaka ujao kamati inapendekeza tusome makala ya Lewis ya mwaka 1954 kuhusu uchumi wenye nguvukazi isiyo na kikomo, na kila atakayehudhuria aje na mfano kutoka mjini au kijijini kwake. Pendekezo hilo litapigiwa kura baada ya taarifa ya Mweka Hazina. Bango limekwisha kuchapishwa; lina picha na majina peke yake, na wanaotaka nakala wamwone katibu.