Kwa shoga yangu, kuhusu binti na sukari yake

Shoga yangu kipenzi,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Barua yako nimeipata na nimeirudia kabla ya kushika kalamu. Unasema binti yako mwenye kisukari ametimiza miaka 15, siku hizi anapima sukari akijisikia tu, namba anaficha, na ukimuuliza mlango unafungwa. Halafu kliniki wakakwambia umtafutie mazoezi ya kutuliza akili, akae avute pumzi, nawe unataka kujua kama hayo ni maneno ya maana au walikuwa wanakuondoa tu ofisini. Yana maana. Ila yana masharti, na masharti ndiyo watu huyaruka.

Unajua mimi nami nina kisukari, nimekua na sindano za insulini, ile dawa inayoshusha sukari. Kwa hiyo nitakuandikia zaidi kama huyo binti kuliko kama mama mwenzio, unisamehe.

Kwanza jua kwamba umri huu sukari huwa na vurugu zake. Homoni za balehe na za kukua hupunguza nguvu ya insulini, kwa hiyo dozi iliyomtosha mwaka juzi leo haimfikishi popote. Alfajiri huwa mbaya zaidi: homoni hupanda na ini linamwaga sukari kwenye damu hata kama mtoto hajatia kitu mdomoni tangu usiku. Weka juu yake mitihani na ugomvi na marafiki. Mtu akiwa na hofu au hasira, adrenalini na kortisoli, homoni za msongo, huliamuru ini litoe sukari zaidi. Ndiyo maana anaweza kufanya kila alichoelekezwa, akapima, akakuta 14, iko juu. Na hapo ndipo unapoingia wewe na swali lako: “Umekula nini?”

Swali hilo, shoga yangu, nimelisikia utotoni mpaka likanitoka puani. Mama huliuliza kwa mapenzi, mtoto hulisikia kama kesi. Akiulizwa hivyo asubuhi, mchana na jioni, atajifunza jambo moja haraka sana: asiyepima hana namba, na asiye na namba haulizwi. Kutoka hapo kuficha mashine ni hatua moja tu. Watu husema kijana huyu ni mkaidi, mvivu, hajali afya yake. Mara nyingi anajali mpaka amechoka. Kisukari hakina likizo, na uchovu wake ni kitu kinachojulikana na madaktari, si visingizio.

Sasa hayo mazoezi. Aliyeyaingiza hospitalini kwa mpangilio ni Jon Kabat-Zinn, mwaka 1979, katika chuo cha udaktari cha Massachusetts huko Marekani, akiwa na wagonjwa wenye maumivu ya muda mrefu ambayo dawa zilikuwa hazijayamaliza. Alitengeneza kozi ya wiki 8. Chanzo chake ni tafakuri za Kibudha, lakini aliyafundisha bila dini, kwa hiyo usiwe na wasiwasi kwamba mtoto atafundishwa kuabudu kitu. Anachojifunza ni kuona kilichopo, mwilini na kichwani, kama kilivyo, kabla hajakitolea hukumu. Basi.

Yanasaidia nini? Msongo, huzuni, na huo uchovu wa kisukari. Kuhusu kipimo kile cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, HbA1c, utafiti haujaelewana: kuna mahali kimeshuka kidogo, kuna mahali hakikusogea. Kwa hiyo atakayekwambia pumzi inashusha sukari kama sindano, mkimbie. Binti ana aina ya kwanza; kinga ya mwili wake yenyewe imeziua seli za kongosho zinazotengeneza insulini, na utulivu wowote ule hauzirudishi. Mtu wa kwanza kuchomwa insulini, Januari 1922 huko Toronto, alikuwa Leonard Thompson, kijana wa miaka 14 aliyekuwa mifupa mitupu. Kabla ya hapo tiba ilikuwa kumnyima mtoto chakula ili kifo kichelewe. Leonard aliishi miaka 13 zaidi. Mimi nikichoka na sindano, humkumbuka huyo.

Sharti la kwanza, na hili mwambie hata kama mengine yote atayasahau: apime kwanza, atulie baadaye. Sukari ikishuka, mikono hutetemeka, jasho hutoka, moyo hupiga mbio, na mtu huwa mkali bila sababu. Hofu nayo huja na dalili hizo hizo. Akikaa kuvuta pumzi akidhani ni wasiwasi wa mtihani kumbe ana 3.1, anajiweka hatarini. Chini ya 3.9 (au 70 kwa mashine zinazosoma kwa miligramu) anatakiwa apate gramu 15 za sukari ya haraka, vidonge vya glukosi au kinywaji chenye sukari, asubiri dakika 15, kisha apime tena. Kama hana cha kupimia karibu, atibu kwanza, asisubiri mashine.

Lakini zile dakika 15, shoga, ndizo darasa lenyewe. Asiyezijua hawezi kuelewa. Sukari umeshaimeza, akili inajua inakuja, lakini mwili mzima unapiga kelele: kula tena, kula kila kitu. Wengi wetu hula kila kitu, na baada ya saa mbili tuko 17 na lawama juu. Hapo ndipo zoezi linapofanya kazi. Aketi. Nyayo mbili sakafuni, azisikie. Halafu ajisemee kimoyomoyo kile anachokiona: mikono inatetemeka, naogopa, nina njaa ya ajabu, sukari iko njiani. Hajikemei wala hajidanganyi kwamba yuko shwari. Anataja tu, dakika zinapita. Na asikae peke yake kama kuna mtu wa kukaa naye, hasa ikiwa imeshuka sana.

Mahali pengine ni pale kwenye namba. Stripu, kile kijikaratasi cha kupimia, ikishapata damu, mashine huhesabu sekunde chache kabla ya kuonyesha jibu. Sekunde hizo mimi nilikuwa nabana pumzi bila kujijua. Mwambie aweke mashine mezani, ashushe mabega, atoe pumzi yote, kisha asome kwa sauti kama anayesoma saa ukutani: kumi na nne nukta mbili. Akishasoma, afikirie kinachofuata: dozi ya kurekebisha kama alivyoelekezwa, maji, na kupima ketoni, zile asidi zinazojaa mwilini insulini ikipungua, kama sukari imekataa kushuka. Yale maneno mengine, “mimi sifai, nimeharibu tena,” yatakuja tu. Akiyaona yanakuja ayaache yapite, kazi iendelee.

Akipata kile kifaa cha kubandikwa mkononi kinachosoma sukari mfululizo, ujue kina mtego wake. Kuangalia mshale wake, unaoonyesha sukari inapanda au inashuka, kila dakika mbili ni hofu tupu, usidhani ndio umakini. Mkae na daktari muamue kengele zipi zibaki. Ya sukari kushuka isizimwe kamwe.

Usimlazimishe kukaa dakika 20 macho yamefungwa. Kuna vijana wakifumba macho wasiwasi ndio unazidi. Ni heri vipande vidogo vilivyoshikamana na mambo anayoyafanya tayari. Si wamemfundisha kwamba akishachoma kalamu ya insulini ahesabu mpaka 10 kabla ya kuchomoa? Basi zoezi analo tayari, tena mara kadhaa kwa siku. Badala ya kuhesabu huku anatazama simu, ahesabu huku anasikia pumzi inaingia na kutoka. Akihama sehemu ya kuchoma, kama anavyotakiwa, aiguse kwanza ngozi kama ina uvimbe mgumu. Insulini ikichomwa kwenye uvimbe haiingii vizuri, na huko nako ni kuzingatia mwili.

Na wewe je? Kliniki hawakukwambia, lakini anayehitaji pumzi tatu kabla ya kufungua mdomo ni wewe pia. Akikuonyesha namba, yoyote ile, anza na “asante kwa kupima.” Halafu muulize anahitaji nini. Mkubaliane pia saa fulani jioni ambayo sukari haitajwi kabisa isipokuwa imeshuka. Muulizie huyo rafiki yake waliyegombana. Muulizie chochote.

Kuna mambo ambayo zoezi hili halitoshi, usije ukanielewa vibaya. Akiwa anaruka sindano makusudi, hasa ili apungue mwili, akiwa analia kila siku, au akasema hataki kuishi, huyo anahitaji daktari na mshauri, na mapema. Akitapika sukari ikiwa juu, akahema kwa nguvu, pumzi ikanuka kama matunda yaliyoiva sana, ni hospitali saa hiyo hiyo. Usisubiri kupambazuke.

Sehemu ya dakika 15 na ya kuhesabu mpaka 10 unaweza kumsomea. Ile ya “umekula nini” isome peke yako. Na akitaka kuongea na mimi mwenyewe mpe namba yangu, anipigie saa yoyote. Akimaliza, tafadhali usimuulize tumeongea nini.

Wako akupendaye,
shoga yako wa siku zote