Nguo za kuja nazo Dar

Ilala, Dar es Salaam

Ndugu yangu Lusajo,

Salamu kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Sisi huku wazima, kinachotuonea ni joto tu. Hongera tena kwa uhamisho na cheo. Uliniuliza uje na nguo gani, kwa kuwa ofisi mpya haina sare, haina tai, na bosi kasema watu wavae nadhifu basi. Nimeona nikuandikie kwa kirefu, maana kwenye simu ungenikatisha uniambie mavazi ni mambo ya akina dada.

Tuanze na za kuacha. Yale makoti na masweta yanayokuokoa Njombe mwezi wa saba mpe mdogo wako. Suti ya harusi njoo nayo, itakaa kabatini ikingoja harusi za wenzako. Na yale mashati ya tetroni yanayong'aa, unayoyapenda kwa kuwa hayataki pasi, hayo yaache kabisa. Njombe unaweza kuyavaa kutwa usijue tofauti. Hapa ikifika saa nne asubuhi mgongo umelowa, kwa sababu kitambaa kile hakinyonyi jasho. Linabaki palepale kati ya ngozi na shati, na harufu yake inakuwa sugu hata kwa sabuni. Utaniambia ofisini kuna kiyoyozi. Kipo, lakini kiyoyozi hakipandi daladala na wewe.

Kwa hiyo pamba. Kitani pia ukikipata, ila ujue kinajikunja ukikikalia dakika tano. Usiamini mdomo wa muuzaji, kwake kila kitu ni pamba tupu. Soma lebo iliyoshonwa ubavuni kwa ndani. Kama imekatwa, chomoa uzi mmoja kwenye mshono wa ndani uuchome kwa kiberiti: pamba inanuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini, tetroni inayeyuka na kuacha kitone kigumu. Mashati ya mchanganyiko wa viwili hivyo yamejaa madukani, na si mabaya yote. Lenye pamba zaidi ya nusu linavumilika na halisumbui kwenye pasi. Lakini kwa mashati ya kazini ya kila siku mimi nakwambia pamba, kero ya pasi uikubali.

Sasa suala la umbo, na hapa usinikasirikie. Tulipokuwa chuoni ulivaa suruali za modo za kubana, na zilikukaa. Miaka hiyo imepita, kitambi kimeanza kuchungulia, wala si kwako peke yako. Mwanamume wa rika letu akivaa modo, watu wanaona tumbo kwanza. Usikimbilie upande wa pili vilevile, wa mashati mapana yanayopepea ili kuficha. Nguo pana inaongeza mwili. Unachotafuta ni nguo inayoufuata mwili bila kuukaba.

Anzia begani. Mshono unaounganisha mkono na kiwiliwili unatakiwa ukae juu ya ncha ya mfupa wa bega. Ukishukia mkononi, shati ni kubwa, liache hukohuko dukani, kwa sababu kupunguza mabega ni kulifumua shati karibu lote na mafundi wengi wataliharibu. Mengine yanarekebishika: mbavu zinapunguzwa, mikono inakatwa, pindo linapandishwa. Kola ikifungwa ipitishe vidole viwili. Kifungo cha tumboni kisivutike, na hilo lijaribu ukiwa umekaa, siyo kusimama tu mbele ya kioo umebana pumzi. Suruali ishike kiunoni bila kutegemea mkanda, ishuke imenyooka, pindo liguse kiatu kidogo. Ile mikunjo inayolundikana juu ya viatu ndiyo inayomfanya mtu mwenye mshahara mzuri aonekane kaazima suruali ya kaka yake.

Ndiyo maana nikisikia mtu ana bajeti ya nguo, namwambia atenge ya fundi kabla hajaingia dukani. Kubana mbavu za shati na kukata pindo la suruali ni pesa ndogo (bei sikutajii, zinabadilika kila ukigeuka), na shati la mtumba lililopita kwa fundi mzuri linalishinda jipya linalovaliwa kama lilivyotoka kwenye nailoni. Huku Ilala mafundi cherehani wamejaa barazani. Mchague kwa kutazama kazi aliyoitundika: igeuze ndani nje uone kama mishono imenyooka na nyuzi hazining'inii. Wangu mimi ni mzee mmoja asiye na maneno mengi. Ukimwambia abane zaidi, anakuuliza kama mwaka huu umepanga kuacha kula.

Halafu mitumba. Najua shemeji hapendi, lakini mashati mazuri ya pamba nzito mimi nayapata Karume, pale soko la Mchikichini, lile lililoungua Januari 2022. Wahi asubuhi belo zinapofunguliwa, kwa kuwa wenye maduka na wanaouza mtandaoni ndio wa kwanza kuchambua, na ukifika mchana unachagua waliyoyakataa wao. Ukishika shati usianze na rangi. Tazama kwapani: pakiwa na umanjano, hautoki ule. Tazama kola pale inapogusa shingo, na ncha za mikono, kama zimesagika. Suruali inyanyue juu kwenye mwanga, sehemu ya mapajani. Ukiona mwanga unapenya, ujue itakuchanikia siku unapanda bodaboda. Kifungo kikikosekana si neno, fundi anacho. Soksi, boksa na singlendi nunua mpya, hapo nipo upande wa shemeji. Isitoshe Shirika la Viwango, TBS, lilishapiga marufuku nguo za ndani za mtumba, ingawa ukipita sokoni huwezi kudhani.

Kwenye rangi ndiko nawaona wenzetu wengi wakipoteza pesa. Mtu ana mashati ishirini na kila asubuhi analalamika hana cha kuvaa, kwa sababu kila shati linataka suruali yake. Wewe nunua suruali za kadeti tatu: nevi bluu, kijivu na ugoro. Ongeza jinzi moja ya bluu iliyokoza, isiyochanwa magoti. Kwa mashati, mawili meupe, mawili ya bluu mpauko, moja la mistari myembamba. Fomu siksi, zile fulana zenye kola, mbili au tatu kwa siku zisizo na wageni, na moja iwe damu ya mzee, itakupendeza na weusi wako. Hizo utazipata Kariakoo za kila namna. Shika kola uikunje: ikirudi yenyewe chukua, ikilala imelala ujue baada ya kufuliwa mara chache itakuwa jani la mgomba lililopigwa na jua. Nembo kubwa kifuani zikwepe, nyingi ni za bandia na kila mtu anajua. Ukiwa na kabati la namna hiyo, hata umeme ukikatika alfajiri unavuta shati lolote na suruali yoyote gizani, na zinakubaliana.

Kuchomekea au kutochomekea, tazama pindo la shati. Lililokatwa duara na kushuka mkia mbele na nyuma limetengenezwa lichomekewe. Ukiliachia nje, linakufanya uonekane umeamka sasa hivi. Lililonyooka pindo unaweza kuliachia, mradi lisivuke katikati ya zipu. Wiki ya kwanza chomekea kila siku, kisha tazama wakubwa wa hapo wanafanyaje.

Kwenye viatu usibane pesa. Bora nguo chache na viatu vizuri. Uwe na vya kamba vya ngozi, rangi ya kahawia, maana kahawia inakubali nevi bluu, kijivu na jinzi. Uwe na moka kwa siku nyepesi. Raba moja nyeupe isiyo na mbwembwe, kwa Jumamosi na kwa jinzi, na hiyo uisafishe, raba nyeupe chafu ni heri uvae ndala. Kama unataka vya hapahapa nyumbani, tazama viatu vya Karanga, vinavyotoka kiwanda cha ngozi cha gereza la Karanga, Moshi. Mkanda uende na rangi ya kiatu. Usivae kiatu kilekile cha ngozi siku mbili mfululizo, jasho linahitaji muda wa kukauka. Jaza gazeti ndani, linanyonya unyevu na kushika umbo. Wewe wa nyanda za juu hujui jambo hili: masika, Machi hadi Mei, viatu vikifungiwa kabatini hapa vinaota ukungu mweupe kama vilinyunyiziwa unga, na mikanda hivyohivyo. Acha mlango wa kabati wazi, vifute, vipake dawa ya viatu. Na mvua ikipiga, Jangwani inajaa maji na njia zinafungwa. Siku hizo vaa ndala njiani, viatu viwe kwenye begi, ubadilishie ofisini. Hakuna atakayekucheka, wote tunafanya.

Usijinyime kitenge. Shati la kitenge la mikono mifupi, lililoshonwa vizuri, ndilo vazi linalomfaa mwanamume wa Dar kuliko yote, na Ijumaa utaona ofisi nzima imechanua. Kabla ya kukipeleka kwa fundi kiloweke maji ukianike, kwa sababu pamba inarudi, na kikirudi baada ya kushonwa shati litakuwa la mwanao. Mwambie fundi aoanishe maua pale vifungo vinapokutana na kwenye mfuko. Akikunja uso, tafuta mwingine. Maua makubwa waachie wembamba. Sisi wenye vitambi tuchukue madogo, rangi iliyokoza, na chini suruali ya rangi moja.

Kwa vikao vizito, kabla hujakimbilia koti na tai, shonesha suti ya Kaunda moja ya mikono mifupi, kitambaa chepesi cha kijivu au nevi bluu. Imebeba jina la Rais wa kwanza wa Zambia, na hata Mwalimu Nyerere tumezoea kumwona pichani na suti isiyo na tai. Kule Kenya, Spika Moses Wetang'ula aliipiga marufuku bungeni Novemba 2023, mwaka uleule ambao Rais Ruto alikuwa ameivaa kila kona. Kwa joto letu, mimi naona waliotunga vazi lile walifikiri vizuri kuliko waliotuletea tai. Tatizo lake ni moja: ikipwaya unafanana na dereva wa serikali wa zamani. Kwa hiyo ni yuleyule fundi tena, na umkalie.

Kanzu sikuzungumzii sana. Ijumaa mimi nipo nayo, wewe Mmoraviani utajipangia. Lakini majirani watakualika harusi za Kiswahili, na kanzu nyeupe yenye kofia iliyokaa vizuri haimkatai mtu. Makobazi ni ya siku hizo na ya Jumapili mchana. Ofisini hapana.

Kufua na kupiga pasi fupi tu: nguo za rangi zigeuze ndani nje uzianike kivulini, jua la Dar linapausha mabega kabla ya mwaka kwisha. Shati la pamba lipigwe pasi likiwa bado na unyevu, halitakusumbua. Kama shemeji atachelewa kuja, dobi yupo mtaani, mpe mashati ya wiki nzima Jumamosi. Mwambie tu asiweke wanga mwingi kwenye kola, inakuchuna shingo ukitoka jasho.

Jambo moja kuhusu manukato, kwa kuwa nakujua: asubuhi kwenye mwendokasi watu wamebanana. Puliza mara moja, inatosha.

Usinunue chochote kabla ya kufika. Njoo na zile kadeti mbili ulizonazo, shati lako jeupe, na viatu vya kahawia ulivyovaa kwenye msiba wa baba mkubwa, vilikuwa vizuri, vipeleke kwa fundi viatu abadilishe visigino. Mengine tutatafuta hapa. Ukifika Ijumaa, lala, kesho yake saa kumi na mbili asubuhi tuwe Karume, saa nne tuwe kwa mzee na cherehani yake, na ukimwachia suruali siku hiyo, Jumanne anakupa. Kazini unaripoti Jumatano, kwa hiyo tuna nafasi. Nitumie kwa simu kipimo cha kiuno na cha kola, lakini upimwe sasa, usiniletee vya chuoni.

Nawasalimu wote nyumbani.

Wako,
Mudi