Buku mbili ile ile, sahani tofauti

Mhariri,

Naomba nafasi niongelee msosi wa vyuoni hapa Dar, maana habari za ada na mikopo tunasoma kila siku ila sahani ya mwanafunzi hakuna anayeichungulia.

Mimi nipo mwaka wa tatu, diploma nilisoma chuo kingine hapa hapa mjini, na mdogo wangu yupo chuo cha tatu nikienda kumuona tunakula kwao, kwa hiyo ninachosema nimekitia mdomoni.

Chuoni kwetu wali maharage ni buku mbili, yaani shilingi elfu mbili. Wali una chuya na vijiwe, maharage yametiwa magadi mpaka yamekuwa uji, mchicha umechemshwa tangu asubuhi hauna hata rangi. Nyama unaongeza buku unapewa vipande viwili, kimoja mfupa. Ukichelewa kutoka kipindi, saa nane unakuta ukoko.

Kwa mdogo wangu buku mbili hiyo hiyo unapata wali, maharage ya nazi, tembele limeungwa sasa hivi, kachumbari na ndizi. Siku ya kwanza nilidhani dogo kaniongezea hela, nikamuuliza dada anayepakua, akasema hapana kaka, ndo bei.

Sasa soko si lile lile jamani? Mchele wote unatoka Tandale, ndizi Mabibo pale Mahakama ya Ndizi. Ila kwao kwenye banda moja kuna mama lishe watano, ukiharibu leo kesho foleni yote ipo kwa jirani yako, wakati kwetu kuna mzabuni mmoja tu, chuo kinamtoza kodi kubwa ya pango, alafu mama lishe wa getini walishafukuzwa, kwa hiyo ile kodi inakuja kukatwa kwenye sahani yangu na anajua sina pa kwenda.

Nilikosoma diploma pia mzabuni alikuwa mmoja, lakini mshauri wa wanafunzi alikuwa anapanga foleni na sisi. Kuna siku ugali ulikuja mbichi, yule mzee akanyanyuka na sahani yake mpaka jikoni, tukasubiri karibu saa nzima ukasongwa mwingine. Hadi namaliza pale sikula tena ugali mbichi.

Najua watu watasema bumu, ile hela ya mkopo ya chakula na malazi, limepanda. Ni kweli, 2022 lilitoka 8,500 kwa siku likawa 10,000 na tunashukuru, ila humo humo kuna hela ya chumba, na wapo wengi hawana mkopo kabisa, mdogo wangu mwenyewe analipiwa na mama anayeuza vitumbua. Ninayekaa naye chumbani anakunywa chai na chapati moja asubuhi, inatoka hiyo mpaka usiku, na huyo ana mitihani.

Wazee waliosoma Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kabla wanafunzi hawajaanza kuchangia gharama wanatusimulia chuo kilivyokuwa kinawalisha. Hatuombi hayo. Tenda ya kwetu inatangazwa upya mwezi wa saba, naomba uongozi usiangalie nani anatoa kodi kubwa, kila anayeomba apike, serikali ya wanafunzi ionje, na wachukuliwe wawili au watatu badala ya mmoja.

Mwanafunzi,
Ubungo, Dar es Salaam