Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: wapi, saa ngapi, na kitu gani

Wanachama wenzangu, asalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, na wakubwa zangu wote shikamooni. Poleni na joto la Tanga na poleni na zamu za usiku. Habari ya hela nitaisema hapo chini, kwanza niseme habari ya daftari letu la majeraha maana ndo kazi iliyotula mwaka mzima.

Kama mnavyokumbuka, kikao kilichopita tulikubaliana jambo moja tu, kwamba kila mtoto au kijana anayeletwa kwenye vituo vyetu vya afya kaumia tumuulize au tumuulize aliyemleta: kaumia wapi, saa ngapi, na kitu gani, na nani alikuwepo, tuandike kwenye daftari. Basi. Wengine mlisema hayo ni maswali ya polisi, na mimi nakiri nilishindwa kuwajibu vizuri siku ile, leo nitajaribu.

Kuna jioni nilikuwa zamu akaletwa mtoto wa kama miaka miwili kutoka Makorora, kifua na mkono wa kulia vimepakwa dawa ya meno imeshakauka inapasukapasuka kama chokaa ya ukutani, yaani kabla hujamtibu inabidi uanze kuibandua na kila ukigusa mtoto analia ile sauti ya kukaukiwa. Bibi yake ndo aliyempaka, na kampaka kwa mapenzi kabisa, ndivyo alivyofundishwa. Tukamsafisha, tukampa dawa ya maumivu, tukafunga, nikaandika kwenye rejista "kaungua, chai, miaka 2" nikafunga kitabu. Kesho yake bibi kaja kusafisha kidonda ndo nikamuuliza taratibu, bibi hebu nielezee ilivyokuwa. Akaniambia jiko la mkaa huwa linakaa pale mlangoni chini, umeme ulikuwa umekatika, magharibi imeingia watu wanatawadha, mtoto katoka ndani mbio kumfuata mama yake, kajikwaa kwenye sufuria. Na hapo hapo kaniambia mtoto wa jirani aliungua mlango ule ule mwaka juzi. Mlango ule ule jamani! Na yule wa kwanza pengine naye aliandikwa "kaungua, chai".

Toka daftari lianze ukilifungua kwenye kurasa za kuungua utaona saa kumi na mbili, saa moja, saa moja na nusu, jiko chini, jiko chini, jiko chini. Hiyo siyo bahati mbaya tena, hiyo ina mahali na ina saa, na kitu chenye mahali na saa kinazuilika. Kwa hiyo mama zetu wa kamati ya elimu wakaanza kupita nyumba kwa nyumba Makorora na Mabawa na maneno mawili tu: jiko lipandishwe juu au lizungushiwe matofali, na mtoto akiungua ni maji ya bomba yanayotiririka, ya baridi ya kawaida, dakika 20, hamna dawa ya meno hamna yai hamna mafuta ya taa, halafu kituoni. Wamefanya kazi kubwa sana hao mama na nawashukuru kwa moyo wote.

Sasa kuhusu kwamba ni maswali ya polisi. Kule Cardiff nchini Wales kuna daktari wa upasuaji wa kinywa na taya anaitwa Jonathan Shepherd, alikuwa anashona nyuso za watu waliopigwa, akagundua sehemu kubwa ya watu hao, polisi hawana habari nao kabisa. Akawaambia watu wa mapokezi waulize tu mahali, muda na silaha, kisha jina linaondolewa, taarifa inaenda polisi na manispaa kila mwezi, nao wanajua doria iende wapi na baa gani iache glasi zinazovunjika vipande vikali. Utafiti ukachapishwa 2011, na ukaonyesha waliolazwa kwa kupigwa walishuka toka 7 mpaka 5 kwa mwezi kwa kila watu 100,000, wakati miji inayofanana nayo ilipanda toka 5 mpaka 8. Kwa maswali ya mapokezi! Ndo maana nasema swali la "wapi" ni tiba kama bandeji ilivyo tiba, tofauti yake ni kwamba linamtibu mtoto wa jirani ambaye bado hajaumia.

Na tusiseme hayo ni ya Ulaya. Hapo Dar es Salaam tu shirika la Amend lilienda kwenye shule za msingi ambazo watoto wanagongwa, wakaangalia njia anayopita mtoto, wakaweka tuta, zebra, njia ya miguu, pengine wakahamisha geti la shule lisitazame barabara kubwa. Walipopima, watoto kuumia kulipungua kwa asilimia 26 hivi, na 2019 mradi huo ukachukua tuzo ya kimataifa ya miji ya taasisi ya World Resources Institute (WRI). Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndo zinaongoza kuua watu wa miaka 5 mpaka 29, sasa sisi wenye mji wa baiskeli, bodaboda na bajaji barabara moja tukikaa kimya itakuwaje? Kurasa za barabarani kwenye daftari letu tumezipeleka kwa watendaji wa kata mbili. Kata moja wametupokea vizuri na wenyeviti wa mitaa wameshatembea na sisi asubuhi kuangalia watoto wanavyovuka. Ya pili tumeambiwa tuje na barua, barua tumepeleka, tunasubiri.

Msimu wa embe nao umetuletea mikono mingi iliyovunjika na vichwa, hilo walimu wa shule tumeshaongea nao.

Nije kwenye lililo zito. Utafiti wa taifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika 2009 ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Hao watoto wanapita mikononi mwetu na sisi tunaandika "kaanguka". Naomba tuzoee kumuuliza mtoto akiwa peke yake na nesi, siyo mbele ya aliyemleta, na tukiona mambo hayalingani, kidonda na maelezo, tumuite afisa ustawi na dawati la jinsia na watoto la polisi, na namba 116 ya simu kwa mtoto ibandikwe ukutani kila kituo. Na kwa vijana wa kugombana: huko Flint, Michigan, walichukua vijana wa miaka 14 mpaka 18 waliofika emejensi kwa sababu yoyote ile, waliosema wamepigana na wamekunywa pombe ndani ya mwaka, wakakaa nao nusu saa na kidogo kuongea tu, bila kuwahukumu, wakifanya na mazoezi ya namna ya kuondoka kwenye ugomvi. Miezi 3 baadaye ugomvi ulikuwa umepungua kuliko kwa wale waliopewa karatasi ya maelezo peke yake. Nusu saa tunayo jamani, kijana anasubiri eksirei saa zima.

Jambo lililoniumiza. Mwanachama mmoja alituma picha ya mtoto mwenye jeraha la panga kwenye grupu, uso unaonekana. Nilimpigia usiku ule ule akafuta, akaomba radhi na yameisha, ila narudia kwa wote: daftari letu halina jina, halina picha, halina namba ya nyumba. Siku mama wa mtoto akisikia kidonda cha mwanae kinazunguka kwenye simu za watu hatatuambia ukweli tena, na atakuwa na haki. Na kwa sababu tunataka hizi kurasa siku moja ziwe utafiti kamili, lazima tupate kibali cha maadili kupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, kabla, pamoja na ridhaa ya wazazi, hamna njia ya mkato. Wenzetu Marekani waliposaka dalili za mtoto aliyeumia kichwa anayehitaji kipimo cha CT, yaani picha ya ndani ya kichwa, na asiyehitaji, walihitaji watoto 42,412 toka emejensi 25, wote wakijaza fomu ya namna moja. Kituo kimoja peke yake hakifiki popote, ndo maana nawasumbua mjaze sawasawa.

Hela: ada zimeingia kwa kusuasua, zilizopatikana zimekwenda kwenye madaftari, kalamu na nauli za kamati ya elimu, mweka hazina ana risiti zote na anayetaka kuziona azione. Ambaye hajalipa alipe, hata kidogo kidogo.

Mwaka unaoanza tunaongeza vituo vya Pongwe na Tongoni, na nataka tukae na wavuvi tuongee watoto wanaozama, maana hapo daftari letu lina kurasa chache mno na sidhani kama ni kwa sababu hawazami, ni kwa sababu hawafikishwi kituoni.

Daftari la pili la Ngamiani halijarudi toka mwezi uliopita. Aliyenalo naomba alilete kwa katibu kabla ya Jumamosi, hata kama halijajaa.