YAH: Malalamiko kuhusu safari ya Mahale na Katavi ya tarehe 12 hadi 16 Agosti 2024

Mwanga,
Kigoma.
2 Septemba 2024

Meneja,
Kampuni ya Safari za Utalii,
Kigoma.

Ndugu Meneja,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni muuguzi na mkazi wa Manispaa ya Kigoma Ujiji. Mwezi Juni mwaka huu nililipia katika ofisi yenu safari ya siku tano kwa ajili ya familia yangu ya watu wanne, yaani mimi, mume wangu, mama mkwe wangu mwenye umri wa miaka 67 aliyetoka Tabora kwa treni, na mtoto wa dada yangu mwenye umri wa miaka 10. Nililipa shilingi 1,150,000 kwa kila mtu mzima na shilingi 700,000 kwa mtoto, jumla shilingi 4,150,000, na stakabadhi zote nimeziambatisha. Ratiba mliyonikabidhi, yenye muhuri wenu, iliahidi boti ya kasi kutoka Kigoma hadi Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Mahale, siku mbili za kuwatembelea sokwe, kisha siku mbili katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi, tukiongozwa muda wote na mwongozaji wenu mzoefu. Naandika kwa sababu karibu kila kilichoahidiwa hakikutimizwa, na kwa sababu baadhi ya yaliyotokea yalihatarisha maisha ya watu na ya wanyama ambao tulikwenda kuwaona.

Nianze na ziwa. Tulitakiwa kuondoka saa 12 asubuhi, na familia yangu ilikuwa gatini kabla ya muda huo. Boti ya kasi haikuwepo. Saa 4 ilipokaribia ililetwa boti ya mbao yenye injini moja, ikiwa tayari imepakia magunia ya mchele na ndoo za mafuta ya mawese, pamoja na abiria wawili ambao hawakuwa sehemu ya safari yetu. Mtu yeyote aliyekulia kando ya Ziwa Tanganyika anajua kwamba miezi hii ya kiangazi ni miezi ya kusi, na kwamba anayekwenda kusini huondoka alfajiri ili awe amesogea mbali kabla upepo haujakaza. Nilimwambia mwongozaji wenu jambo hilo kwa adabu, naye akanijibu kwamba nahodha anajua kazi yake. Tulipofika katikati ya mchana mawimbi yalikuwa yanaingia ndani ya boti, na kijana msaidizi alikuwa akichota maji kwa kopo bila kupumzika.

Ndipo nilipohesabu jaketi okozi. Ndani ya boti tulikuwa watu kumi na wanne, na jaketi zilikuwa tisa. Lile alilopewa mama mkwe wangu lilikuwa limekatika mkanda wa ubavuni, likafungwa kwa kipande cha kamba ya katani, na lilinuka petroli kiasi kwamba alilazimika kugeuza uso pembeni ili avute hewa. Mama huyu hajawahi kuishi karibu na maji mengi. Alikaa juu ya gunia la mchele kuanzia saa 6 mchana hadi giza lilipoingia, akiwa amenishika mkono, na asubuhi yake alama za kucha zake zilikuwa bado zinaonekana juu ya kifundo changu. Ziwa hili lina kina kinachofikia mita 1,470, na katika dunia nzima ni Baikal tu lililo refu zaidi kwenda chini. Kupakia watu kumi na wanne kwa jaketi tisa juu ya maji ya namna hiyo ni uamuzi uliofanywa na mtu aliye nchi kavu, na naomba nielezwe kwa maandishi ni nani aliyeufanya.

Tulifika Mahale saa 3 usiku. Asubuhi ya siku ya pili tukaambiwa kwamba mtoto hawezi kupanda mlimani kwa kuwa wageni wenye umri chini ya miaka 12 hawaruhusiwi kuwafuata sokwe. Sina neno na utaratibu huo. Ni utaratibu wa haki, na kama ningeulizwa ningeuunga mkono. Ninachokilalamikia ni kwamba fomu yenu ina sehemu ya umri, nami niliandika miaka 10 kwa mkono wangu, mfanyakazi wenu akaisoma mbele yangu na kupokea pesa za mtoto bila kusema lolote. Mtoto alikuwa amejinunulia mabuti ya mpira sokoni Mwanga kwa akiba yake na kuyajaribu kila siku kwa wiki mbili. Siku zote mbili alibaki kambini na mpishi wenu, akiwa ameyavaa.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike barua hii badala ya kupiga simu na kugombana na mtu.

Usiku wa kwanza nilimsikia kijana mmoja katika kundi letu akikohoa. Usiku wa pili kikohozi kilikuwa kimezidi, nikamwomba ruhusa nimguse paji la uso, na alikuwa na homa. Nilikwenda kwa mwongozaji wenu usiku huohuo, nikajitambulisha kuwa ni muuguzi, nikamweleza kwamba kijana huyu hapaswi kabisa kuwakaribia sokwe. Aliniambia nisiwe na wasiwasi. Asubuhi nilimkuta akimpa kijana vidonge viwili vya kushusha homa na pipi ya tangawizi, akimwagiza kwamba akisikia kikohozi kinakuja aweke pipi mdomoni na asikohoe mbele ya askari wa uhifadhi. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwao. Simlaumu kijana, maana alikuwa mgeni, alikuwa amelipa, na aliambiwa na mtu aliyevaa fulana ya kampuni kwamba hakuna tatizo.

Siku hiyo tuligawanywa katika makundi mawili, la watu wanne na la watu watatu. Kampuni yenu ilileta barakoa nne tu kwa safari nzima. Kundi la kwanza, ambalo mama mkwe na mume wangu walikuwemo, lilipoteremka, mwongozaji wenu alikusanya zile barakoa nne kutoka usoni mwa watu, zikiwa zimelowa jasho, akazikung'uta na kuanza kutugawia sisi wa kundi la pili. Yangu ilikuwa na rangi ya mdomo ya mtu mwingine. Nimefanya kazi wodini miaka kumi na tisa na sijawahi kuona jambo kama hilo likifanywa na mtu aliyepewa dhamana ya kuongoza wengine.

Niliikataa, nikamwendea askari wa uhifadhi na kumweleza yote, pamoja na homa ya kijana. Askari alimzuia kijana kwa upole, akamshauri apumzike na kunywa maji, kisha akatutolea barakoa safi kutoka katika mkoba wake mwenyewe. Mwongozaji wenu alinigeukia mbele ya wote na kusema kwamba nimemharibia mwenzangu safari. Nilinyamaza pale, lakini hapa nitajibu, kwa sababu naona kampuni yenu haijaelewa inachouza inapouza Mahale.

Sokwe wanaambukizwa mafua na vikohozi vyetu. Ugonjwa ambao kwangu ni siku tatu za kupenga kamasi unaweza kumuua sokwe, na ukimwingia mmoja unatembea katika kundi zima kwa sababu wanaishi kwa kugusana, mama na mtoto, rafiki na rafiki. Sisi watu wa Kigoma tunalo funzo hili karibu kabisa: mwaka 1966 sokwe wa hifadhi jirani ya Gombe walipata polio, wengine wakafa na wengine wakabaki wamepooza viungo. Ndiyo maana mgeni wa Mahale huvaa barakoa, hukaa umbali wa mita 10, hawaangalii sokwe zaidi ya saa moja, na kundi la wageni halizidi watu sita kwa wakati mmoja. Sokwe jike huzaa mara moja kwa kipindi cha miaka mitano au zaidi. Kundi likipoteza majike wachache kwa kikohozi cha mgeni mmoja, wajukuu zetu ndio watakaokuta mlima umenyamaza. Mwongozaji anayemfundisha mgonjwa kuficha kikohozi hajui kazi yake, au anaijua na hajali, na katika hali zote mbili hafai kurudi pale mpaka afundishwe upya.

Naomba pia niseme kilichokuwa kizuri, kwa kuwa haki ni haki. Tulipowafikia sokwe, wawili walikuwa wamekaa wakitazamana chini ya mti. Kila mmoja aliinua mkono mmoja juu, wakashikana viganja juu ya vichwa vyao, na kwa mkono uliobaki kila mmoja akawa anamchambua mwenzake manyoya ya kwapani, taratibu, kama wanawake wanaosukana. Askari alitunong'oneza kwamba hiyo ni desturi ya sokwe wa Mahale, ambayo wa Gombe hawana ijapokuwa ni wanyama wa aina moja na wanaishi kando ya ziwa moja. Nilitokwa na machozi ndani ya barakoa. Maelezo hayo tulistahili kuyapata kutoka kwa mwongozaji tuliyemlipa, lakini yeye alikuwa amebaki nyuma njiani. Jioni ya jana yake alikuwa amewaeleza wageni kwamba Jane Goodall, yule mtafiti maarufu wa sokwe, alianzia utafiti wake hapo Mahale. Goodall alifika Gombe mwezi Julai 1960, kaskazini mwa mji wetu. Walioanza Mahale mwaka 1965 ni Wajapani, wakiongozwa na Toshisada Nishida wa Chuo Kikuu cha Kyoto. Mtoto wa shule hapa Kigoma anaweza kukosea hilo na akasamehewa. Mtu anayelipwa kulieleza hawezi.

Kuhusu Katavi sina maneno mengi kwa sababu hatukufika. Ratiba yenu inasema kwamba siku ya nne saa 1 asubuhi gari lingetuchukua kambini Mahale na kutufikisha Katavi saa 6 mchana. Asubuhi ile tuliambiwa gari limeharibika njiani. Njia ipi? Ndani ya Mahale hakuna barabara ya magari. Watu hutembea kwa miguu au kwa boti, na anayetaka Katavi hupanda ndege ndogo, au hurudi majini na kuzunguka kwa barabara kupitia Mpanda. Aliyeandika ratiba hiyo hajawahi kufika Mahale, au alifika na akaamua kuuza kisichowezekana. Mama mkwe wangu alikuwa amekwisha kuwaahidi majirani zake Tabora kwamba atawaletea picha za viboko, kwa kuwa Agosti ndiyo wakati ambapo mto Katuma unakauka na viboko kwa mamia wanasongamana katika madimbwi yaliyobaki. Siku hizo mbili alizitumia akiwa kambini, akiogopa kurudi kwenye boti ileile, nayo ndiyo iliyoturudisha.

Kwa hayo yote naomba mambo yafuatayo. Mnirudishie gharama ya Katavi, ambayo kwa mchanganuo wenu wenyewe ni shilingi 380,000 kwa kila mtu mzima, yaani shilingi 1,140,000 kwa watu wazima watatu, pamoja na shilingi 700,000 zote za mtoto, kwa kuwa mlizipokea mkijua umri wake. Jumla ni shilingi 1,840,000. Mmwandikie mama mkwe wangu barua ya kumwomba radhi, kwa jina lake, na muitume Tabora. Na kabla ya kupeleka kundi jingine, mnionyeshe kwa maandishi kwamba kila abiria ana jaketi okozi zima, kwamba kila mgeni ana barakoa safi kwa kila siku ya kupanda mlimani, na kwamba mwongozaji huyu ameondolewa katika safari za Mahale hadi atakapopata mafunzo. Ombi hili la mwisho ndilo kubwa kwangu kuliko fedha, na nikilazimika kuchagua moja nitalichagua hilo.

Nitasubiri majibu yenu ya maandishi kwa siku 14 tangu tarehe ya kupokea barua hii, ambayo naileta kwa mkono na kusainiwa nakala. Zikipita bila majibu, suala la boti nitalifikisha TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, na suala la leseni nitalipeleka kwa mamlaka inayosimamia biashara ya utalii, nikiambatisha picha ya lile jaketi lililofungwa kamba na barakoa niliyopewa, ambayo nimeihifadhi ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa.

Wenu mwaminifu,

(Saini)
Muuguzi, mkazi wa Mwanga, Kigoma

Viambatisho: stakabadhi nne za malipo, ratiba ya safari yenye muhuri, nakala ya fomu ya mtoto na picha sita.