Kwa vijana wa steji: mkeka wa mechi si hisa

Wanangu wa steji za boda boda hapa Busia,

Nawaandikia kwa sababu ya neno ambalo mmoja wenu alilisema wiki iliyopita, na wengi wenu mkaliitikia. Alisema, “Mzee, kubeti nako ni kuwekeza. Matajiri wa Kampala wanabeti kwenye soko la hisa, sisi tunabeti kwenye mpira. Wote tunakisia tu.” Aliyasema hayo kwa dhati kabisa, na kijana akiuliza kwa dhati ni haki yake ajibiwe kwa dhati. Siku ile nilinyamaza kwa sababu abiria walikuwa wanasubiri. Leo najibu.

Sitazungumza habari za haramu na dhambi. Masheikh na wachungaji wenu wamekwisha kusema. Sheria nayo nitaigusa tu: tangu mwaka 2016 sheria ya Uganda inamkataza kubeti yeyote ambaye hajatimiza miaka 25, na nyinyi wenyewe mnajua ni wangapi kati yenu hawajafika hapo. Ninachotaka tuzungumze ni hesabu.

Kwanza nikubali lililo kweli katika neno lenu. Anayenunua hisa naye haijui kesho. Uchumi, duka kubwa la Wakenya, hisa zake zilikuwa zikiuzwa hata kwenye soko letu la Kampala, na mwaka 2015 ilifunga maduka yake yote ya Uganda. Waliokuwa na hisa zake walilia. MTN Uganda ilipouza hisa zake kwa umma mwaka 2021, kila moja ilikuwa shilingi 200. Baadaye bei ilishuka chini ya hapo na ikakaa chini muda mrefu. Kwa hiyo atakayewaambia kwamba soko la hisa halina hasara, mkimbieni.

Lakini tazameni yaliyompata yule mwenye hisa za MTN wakati bei iko chini. Watu waliendelea kununua muda wa maongezi, wakaendelea kutuma pesa kwa simu, na kampuni ikaendelea kulipa gawio, yaani sehemu ya faida wanayogawiwa wenye hisa. Bei imeshuka, lakini mali iko na inafanya kazi. Ni sawa na nyinyi kumi mkichanga mkanunua mashine ya kusaga posho. Mwezi huu mtu anaweza kuja na kuwatajia bei ya matusi kwa sehemu yako, nawe ukakataa, kwa sababu kesho asubuhi kina mama watakuja na mahindi yao na mashine itanguruma. Tikiti ya mechi haina kesho yake. Dakika ya tisini ikiisha, ama umelipwa ama umebaki na karatasi. Hukuwahi kumiliki kitu, si timu, si uwanja, si hata kipande cha kampuni iliyokuuzia tikiti.

Sasa tukae kwenye hesabu yenyewe, maana hapa ndipo nataka mnisikilize sana. Chukueni mechi moja, ova na anda ya magoli mawili na nusu: ova ni magoli matatu au zaidi, anda ni mawili au pungufu. Tuseme uwezekano ni nusu kwa nusu. Kwa haki, kila upande ungelipa odi ya 2.00, yaani ukishinda unapewa ulichoweka mara mbili. Kampuni ya kubeti inaandika 1.85 huku na 1.85 kule. Wewe weka 1,000 kwenye ova, mwenzako aweke 1,000 kwenye anda. Mmetoa 2,000, na atakayeshinda atapewa 1,850. Zile 150 zimebaki kwenye kampuni, nayo haikuhitaji kujua lolote kuhusu mpira.

Mtasema 150 si kitu. Lakini nani kati yenu anabeti mechi moja? Mnapanga mkeka, mechi nane, kumi, kumi na tano kwenye tikiti moja, na moja ikikosea mkeka wote umechanika. Nane za namna hiyo, nafasi ya kuzipatia zote ni moja kati ya 256. Odi zikizidishwa zinafika 137 na kitu. Umeweka 2,000, skrini inakuonyesha zaidi ya 274,000, na moyo unaanza kudunda. Malipo ya haki kwa hatari hiyo yangekuwa 512,000. Karibu nusu ya haki yako imekatwa kabla refa hajapuliza filimbi. Kwenye mechi moja wanakukata shilingi 75 katika kila 1,000, kwenye mkeka wa mechi nane wanakukata zaidi ya 460. Ndiyo maana wanawapa bonasi mnapoongeza mechi. Hakuna mfanyabiashara anayemzawadia mteja anayemtia hasara.

Najua mtanijibu kwamba mnaujua mpira. Ni kweli, mnaujua. Nimewasikia mkichambua kikosi cha Arsenal na cha KCCA mpaka beki wa akiba, na akili hiyo naiheshimu. Lakini kampuni nyingi za kubeti duniani, zikigundua mteja anayeshinda mara kwa mara, humpunguzia kiwango anachoruhusiwa kuweka. Anayeshindwa hawamwekei kikomo hicho. Hebu lifikirieni hilo usiku mkiwa peke yenu. Kwenye soko la hisa mtu akipata faida miaka kumi mfululizo, hakuna anayemwambia asinunue tena.

Kuna jambo moja nisipolisema nitakuwa sijawatendea haki. Mtu anaweza kununua hisa kwa roho ileile ya kubeti. Ananunua Jumatatu kwa sababu amesikia uvumi, anauza Alhamisi kwa sababu ameogopa, na kila akinunua na kila akiuza wakala wa hisa anachukua kamisheni. Huyo naye amejipangia mkeka. Na soko letu ni dogo. Kuna hisa unazoweza kutaka kuuza leo ukakaa wiki nyingi bila mnunuzi. Kwa hiyo pesa ya karo ya muhula ujao haiendi kwenye hisa. Pesa ya mkopo haiendi kwenye hisa. Na wale wanaowatumia ujumbe kwamba watawafanyia biashara ya fedha za kigeni kwenye simu na kuwarudishia mara mbili baada ya mwezi, hao si wawekezaji hata kidogo. Wakala wa kweli ana leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, na unaweza kuiuliza mamlaka hiyo kama inamtambua.

Linaloniumiza ni pesa inakotoka. Wengi wenu pikipiki si zenu bado. Kila jioni kuna hesabu, pesa ya siku ya kumpelekea mwenye pikipiki au ya kulipa mkopo. Jumamosi mechi zinaanza mchana, na hesabu ya Jumamosi inaingia kwenye mkeka kwa matumaini kwamba itarudi imezaa. Isiporudi, Jumapili mnaendesha mpaka usiku wa manane kwenye barabara ya Tororo, mkiwa mmechoka, katikati ya malori. Nimehudhuria mazishi ya vijana wa barabara hiyo. Sisemi wote walikuwa wanafukuzia deni la mkeka. Nasema sitaki hata mmoja wenu awe barabarani saa hizo kwa sababu hiyo.

Anayetaka kuanza mahali penye utulivu, serikali hukopa kwa hati za hazina kupitia Benki Kuu, na kiwango cha chini ni shilingi 100,000, za siku 91, 182 au 364. Utaelekezwa kwenye benki ya kawaida namna ya kufungua akaunti yake. Riba yake haimpi mtu gari, lakini inajulikana siku unapoweka. Kabla ya hapo lipeni pikipiki. Pikipiki iliyoisha deni ni uwekezaji unaoushinda wote niliowataja, kwa sababu ile hesabu ya kila jioni inageuka kuwa yako.

Jumapili hii baada ya mkutano wa chama chetu cha akiba nitabaki na daftari. Njooni na tikiti zenu za mwezi mzima, zilizoshinda na zilizochanika, na zile za kwenye simu. Kila mtu atajumlisha zake mwenyewe, hatamsomea mwenzake. Na aliye nyuma kwenye hesabu ya pikipiki aje mapema, tuende naye kwa mwenye pikipiki tukaongee kabla hajachukua funguo.

Mzee wenu,
Busia