Hatukudukuliwa, mlango ulikuwa wazi

Mhariri,

Kila nikisoma gazetini kwamba ofisi fulani "imedukuliwa", huwa najiuliza kama kweli kuna mtu aliyevunja kitu. Mwezi uliopita nusura chama chetu nacho kitoe tangazo la namna hiyo, na mimi ndiye ningekuwa shahidi wa uongo.

Ni chama cha akiba na mikopo cha walimu, wengi wao wastaafu. Mimi ni fundi kompyuta tu, ila mama yangu ni mwanachama, na ndivyo nilivyonasa kwenye kazi ya kutunza tovuti yao. Kila mwisho wa mwezi mhasibu huweka kwenye folda moja taarifa za akiba na orodha ya wanaodaiwa. Folda hiyo niliifunga kwa nywila miaka mingi iliyopita.

Alhamisi moja nikiwa kwa mama ntilie, mwenyekiti akanipigia. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akasema: "Mwanangu, hii orodha ya madeni mbona mjukuu wangu ameifungua kwenye simu yake, wala haikumwuliza kitu?"

Wali ulipoa.

Kwanza nilijipa moyo kwamba kivinjari kimekumbuka nywila, maana ukishaingia mara moja hakikuulizi tena mpaka ukifunge. Lakini mjukuu hajawahi kupewa nywila. Nikafungua dirisha la faragha kwenye simu yangu. Mafaili yote yamejipanga kama mafungu ya nyanya sokoni, na majina ya watu juu yake.

Januari tulikuwa tumehama. Zamani tulipanga sehemu kwenye seva (kompyuta inayohifadhi tovuti) ya watu wengi, sasa tuna yetu wenyewe, yenye mfumo endeshi wa Ubuntu na Apache, programu inayowapa wageni kurasa za tovuti. Nilihamisha kila kitu, pamoja na .htaccess, faili dogo linalokaa ndani ya folda na lenye amri ya kudai nywila. Nikaliangalia: lipo mahali pake, limeandikwa sawasawa. Hapo nikatumia hila ya mafundi. Nikaandika ndani yake neno la upuuzi, "chapati", nikahifadhi. Apache ikikutana na amri isiyoijua hugoma na kutoa kosa namba 500. Haikugoma. Ukurasa ulifunguka vizuri kabisa, nikajua kwamba seva hailisomi faili hilo hata kidogo.

Chanzo ni mstari mmoja kwenye apache2.conf, faili kuu la mipangilio ya Apache, sehemu ya /var/www, yaani folda ya tovuti: AllowOverride None. Yaani, msiyasikilize mafaili ya .htaccess. Ubuntu huja hivyo, na Apache yenyewe tangu toleo la 2.3.9 hushika msimamo huo isipoambiwa vingine. Wana sababu zao, za kasi na za usalama, sibishani nao. Kinachoniudhi ni ukimya. Hakuna onyo kwenye skrini, hakuna hata mstari kwenye kumbukumbu za makosa. Mlinzi ameacha kazi, sare yake bado imetundikwa getini.

Nikaweka AuthConfig, yaani ruhusa ya kusikiliza amri za nywila, badala ya None, nikaipakia Apache upya, na chapati ikanijibu papo hapo: 500. Nikaifuta. Kisanduku cha nywila kikatokea, lakini ukijaza, 500 tena, kwa kuwa njia ya kuelekea faili la nywila ilikuwa bado ile ya seva ya zamani. Nikairekebisha. Halafu kwa haraka zangu nikamwongeza mhasibu msaidizi kwa htpasswd, programu ya kuandika faili la nywila, nikiweka -c, alama inayoanzisha faili upya, na nywila za kamati nzima zikafutika. Hilo la kwangu, simlaumu mtu.

Jioni kamati ilikutana. Mjumbe mmoja akapendekeza tuwaandikie wanachama kwamba tumedukuliwa. Nikakataa. Folda ilikuwa wazi tangu Januari, na aliyeingia ni mtoto wa darasa la sita aliyegusa kiungo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde. Mimi nilikuwa sijawahi hata kuusukuma mlango baada ya kuhama.

Barua ikaenda na ukweli wake. Mama alinipigia usiku, akauliza kama na deni lake lilionekana. Nikamwambia ndiyo. Akanyamaza kitambo, kisha akaniuliza kama nimekula.

Ombi langu kwa waandishi wenu ni dogo. Ofisi ikija na tangazo la kudukuliwa, iulizeni ni lini mara ya mwisho mtu alifungua ukurasa ule kwa simu isiyo ya ofisi, akauona unadai nywila.

Fundi kompyuta,
Chumbageni, Tanga